Karani wa Ghala, Gotland

Nilianza na mablanketi, kwa sababu blanketi halibishani.
Elfu mbili mia nne, ya sufu, ya kijivu,
mengine yana matundu ya nondo na jina la mtu
aliyelala chini yake kabla sijazaliwa.
Kisha mabuti. Kisha majiko ya kambini.
Vifaru nikaviacha mwisho,
kama mtoto aachavyo nyama pembeni mwa sahani.

Barua ya Stockholm ilikuwa fupi:
maslahi ya taifa yamehama.
Yamehama na nani? Yamebeba mizigo gani?
Yamepanda feri ya saa ngapi kutoka Visby
nisiyaone, mimi nishindaye dirishani?
Baltiki, walisema, sasa ni maji ya watalii.
Jeshi litakuwa dogo, jepesi,
la kwenda kulinda amani jangwani kwa watu,
si la kukaa kisiwani kuhesabu mawimbi.
Nilielewa. Sikununa sana.
Bajeti ni blanketi fupi:
ukivuta kufunika kichwa, miguu hupigwa na baridi,
na miguu ndiyo sisi.

Siku ya mnada mvua ilinyesha.
Kaka yangu Botvid alinunua jiko moja kwa bei ya baiskeli,
akawa anapika supu ya njegere kila Alhamisi, kijeshi,
sufuria ya watu mia,
kwa wazee saba, baadaye wanne.
Hema kubwa lilikwenda kwa mfuga kondoo wa Lärbro.
Karakana ya vifaru ikajaa karoti.
Kanali Rosenqvist alinipa funguo zote akasema,
“Gunvor, hizi hazifungui tena kitu,”
nikazitia kwenye kopo la kahawa.

Akiba haiozi, husema wahenga.
Mimi nimeiona ikioza.
Nimeona tairi likipasuka kwa kusimama tu,
na sajini aliyejua kila kichaka kuanzia Fårö hadi Hoburgen
akimuuliza mkewe, kwa adabu, yeye ni nani.
Kifaru hupatikana kwa saini.
Sajini huiva kwa miaka ishirini,
na dukani hayupo.

Kisha ndege zikaanza kupita usiku bila taa.
Mtu fulani huko Stockholm akaitandaza ramani,
akaweka kidole juu yetu, akakiacha hapo:
ashikaye mwamba huu ameshika mlango wa bahari.
Mwamba uleule.
Kondoo walewale, na mavi yao barabarani.
Hatukuwa tumesogea hata shubiri.

Barua ya pili ilikuwa fupi kuliko ya kwanza.
Yamerudi. Hayakubisha hodi,
hayakuomba radhi kwa mkulima wa karoti.
Vifaru vilishuka kwenye feri ya asubuhi
nyuma ya basi la wanafunzi,
nami, mwenye miaka sitini na minane, nikaitwa
kuonyesha mabomba ya maji yanapita wapi,
kwani michoro ilichomwa pamoja na mengine.
Nilikwenda na kopo langu.
Ufunguo mmoja ulikubali.

Jiko walilinunua tena kutoka kwa Botvid
mara sita ya bei aliyotoa.
Alicheka mpaka akakohoa,
halafu Alhamisi ile akakaa jikoni bila kupika kitu.

Jana mjukuu wangu Sixten alipata bahasha,
aende akapimwe macho, mapafu, moyo.
“Nyanya, ni lazima?”
Neno taifa lilinijia mdomoni nikalimeza.
Nikamwambia achague buti kubwa namba moja zaidi,
avae soksi mbili.

Leo nimefungua daftari ukurasa mpya.
Blanketi, moja. Blanketi, mbili.
Ni za nyuzi za plastiki, nyepesi, nondo hatazitaka.
Nazigeuza moja moja, natazama pindoni.
Bado hazina jina la mtu.